Mtu Niliyemwangusha

Ijumaa, 9 Agosti

Nimefika Wexley saa nane mchana. Mahindi pande zote mbili za barabara tangu mpaka wa jimbo, marefu kupita gari. Chuo ni majengo sita ya matofali na uwanja wa mpira wa Kimarekani wenye viti upande mmoja. Chumba nilichopangiwa kiko juu ya duka la matairi. Kitanda, meza, friji inayonguruma.

Kocha mkuu, Norm Tvedt, alinipokea mwenyewe mlangoni. Ana miaka sitini na minne, tumbo mbele, filimbi shingoni hata akiwa ofisini.

"Beasley! Miaka minane ligi ya kulipwa, halafu umekubali kuja kufundisha vijana wa Iowa wasiojulikana hata na shangazi zao. Una wazimu?"

"Labda, Kocha."

"Safi. Wenye akili timamu hawadumu hapa."

Akanipeleka chumba cha makocha kuwaona wenzangu. Wako watatu. Wa tatu alikuwa amekaa dirishani, anakunywa kahawa kwa mkono wa kushoto. Aliinuka. "Wendell Kraus," akasema. "Nafundisha wapokeaji." Akanipa huohuo wa kushoto.

Sikuhitaji kutajiwa jina. Huyu nilimwangusha miaka kumi na mmoja iliyopita, Jumapili ya mvua, mwezi wa Oktoba, na hakucheza mpira tena.

Niliushika mkono wake. Nikasema nimefurahi kumfahamu.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimepanga nguo. Mama alipiga simu kutoka Mississippi.

"Unakula?"

"Nakula."

"Watu wa huko wakoje?"

"Wazuri, Mama."

Jumatatu, 12 Agosti

Nililala saa nne, nimeamka saa tisa, basi niandike.

Mpokeaji, yule anayekimbia kudaka mpira wa mrushaji, anapokatiza katikati ya uwanja, macho yake yako nyuma, kwa mrushaji. Anautazama mpira unaokuja. Hamwoni mtu anayemjia kutoka mbele. Mtu huyo nilikuwa mimi. Ndiyo kazi niliyolipwa kuifanya: kukaa nyuma kabisa, kusoma mchezo, halafu kufika pale mpira unapofika.

Siku ile Kraus alivaa namba kumi na saba. Mpira ulirushwa juu mno, ukampita vidoleni. Mimi nilifika baadaye. Bega langu lilimpata chini ya kidevu. Alianguka kama nguo iliyochomolewa kwenye kamba, na uwanja mzima, watu elfu sitini, ukapiga kelele za furaha. Walimtoa kwa machela. Mishipa ya shingo iliharibika, na mkono wa kulia ukafa ganzi. Unashika, lakini hauhisi unachokishika.

Waandishi waliniuliza, nikajibu: "Sikuona kama mpira umeshapita. Ningeona ningesimama." Nimelirudia jibu hilo mara nyingi hadi limekuwa laini mdomoni kama kokoto la mtoni. Wenzangu walinipa jina la Nyundo. Jina likakaa.

Wanasema mtenda husahau, mtendewa hasahau. Mimi sikusahau. Sikumwandikia barua wala kumpigia simu, ila kusahau sikusahau.

Meza yake na yangu zimetenganishwa na mashine ya kahawa.

Alhamisi, 15 Agosti

Joto. Mazoezi mara mbili. Vijana wawili wametapika.

Jumatatu, 19 Agosti

Kraus ni mchekeshaji. Leo kafungua friji ya ofisi, akageuka.

"Nani kamaliza maziwa yangu?"

Akatutazama mmoja mmoja.

"Beasley? Nyundo mzima unaiba maziwa ya watu?"

Wote wakacheka. Norm alicheka mpaka akakohoa. Nikasema samahani, nitanunua mengine. Akanipiga bega kwa ule mkono wake, akapita.

Kumbe jina analijua, na linamtoka kirahisi hivyo. Nilimtazama mgongoni nikaona ni mtu mwepesi tu, mtu wa kusamehe kwa sababu hana nguvu ya kuchukia. Nilimdharau kidogo. Nayaandika haya kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Alhamisi, 22 Agosti

Kijana wangu bora anaitwa Tavian Moody, mwaka wa pili, kutoka mji wa Gary. Anacheza nafasi niliyocheza mimi. Leo baada ya mazoezi alinifuata pembeni ya uwanja.

"Kocha, ile video ya namba kumi na saba nimeitazama mara elfu. Kaka yangu alinionesha nikiwa na miaka tisa. Jamaa alizimika kama taa, Kocha! Puu!"

Hatua nne nyuma yake, Kraus alikuwa anaokota mipira na kuitia kwenye mfuko. Video ile haina jina la mtu, ina namba na mvua. Vijana hawajui.

Kraus aliendelea kuokota.

"Ukikimbia, kunja magoti zaidi," nilimwambia Moody. "Unasimama wima mno."

Jumamosi, 7 Septemba

Mechi ya kwanza. Tumeshinda 24 kwa 10. Norm alinikumbatia. Nilikuwa nafikiria kama nimefunga dirisha.

Jumamosi, 14 Septemba

Tumeshindwa. Mvua.

Jumatano, 18 Septemba

Hakuna kitu.

Jumamosi, 21 Septemba

Tumeshinda. Mke wa Kraus, Marlys, alileta sinia la viazi na nyama ya kuoka kwa makocha wote. Alimpakulia kila mtu kwa mkono wake. Aliponifikia aliweka kijiko juu ya sinia na kusogea kwa mwingine. Nikajipakulia. Sikusikia ladha, lakini siku hizi sisikii ladha ya kitu chochote, kwa hiyo sitamsingizia.

Ijumaa, 27 Septemba

Wikiendi hii hatuna mechi. Wameanza kuvuna. Mashine zinatembea shambani taa zikiwaka mchana, kwa ajili ya vumbi. Mahindi yaliyokuwa yanaziba barabara hayapo, sasa naona hadi kanisa la kijiji cha pili.

Mama alipiga simu. Nakula.

Jumamosi, 5 Oktoba

Tumeshinda 31 kwa 28. Moody kanyakua mipira miwili ya wapinzani. Gazeti la mji limeandika kwamba mwanafunzi wa Nyundo anaanza kufanana na mwalimu wake.

Jumanne, 8 Oktoba

Leo mazoezini tulikuwa tunacheza sisi kwa sisi. Kijana wa Kraus, Ellis Brandvold, mwaka wa kwanza, mwembamba, alikatiza katikati. Mpira ulirushwa vibaya, ukampita juu ya kichwa. Moody alikuwa anakuja. Niliona hatua zake. Alikuwa na nafasi ya hatua mbili nzima za kusimama.

Hakusimama.

Sauti ile ukishaisikia mara moja utaijua popote. Vijana wote wa upande wangu walirukaruka wakipiga mayowe. Ellis alikuwa chini anavuta pumzi isiyokuja. Na Moody, kabla ya kumtazama Ellis, alinitazama mimi.

Nilitikisa kichwa kumkubalia.

Sikuamua. Kichwa kilifanya chenyewe, kama mguu wa mtu anayegongwa goti na daktari. Nilipogeuka nikamkuta Kraus amesimama kwenye mstari, ananitazama. Aliona. Kisha akamkimbilia kijana wake.

Ellis amevunjika mfupa wa bega. Msimu wake umekwisha. Shingo iko salama, namshukuru Mungu. Norm alisema, "Ndiyo mpira wenyewe, jamani," akapuliza filimbi tuendelee.

Nilikuwa nafungua mlango wa gari Kraus aliponifuata.

"Kesho saa kumi njoo chumba cha wapokeaji. Moody umlete."

"Kuna nini?"

"Utatufundisha ile yako."

"Ipi?"

"Beasley," alisema taratibu. "Tusifanyane watoto."

Jumatano, 9 Oktoba

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa kumi nilifika na Moody. Wapokeaji tisa walikuwa wamekaa kwenye viti, na Ellis mbele kabisa, mkono umefungwa kifuani. Kraus alikuwa ameshaweka video ukutani, imesimamishwa: mvua, jezi nyeupe, namba kumi na saba anakatiza, na mimi pembeni kulia, doa jeusi.

"Kocha Beasley atatueleza alichokiona," Kraus alisema. "Muwe mnaandika."

Akanipa kile kidude cha kuendeshea video, akaenda kukaa nyuma.

Nilianza. Nilisema: hapa mrushaji amegeuza mguu wa kushoto, kwa hiyo najua mpira unakuja katikati. Nikasogeza. Hapa mpokeaji ameanza kugeuza kichwa, kwa hiyo najua hataniona tena. Nikasogeza. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa. Vijana walikuwa wanaandika. Niliwaambia namna ya kujilinda: ukikatiza, mtafute mlinzi wa nyuma kabla hujatafuta mpira, shusha bega, usinyooshe mikono kwa mpira usioweza kuufikia. Lilikuwa somo zuri. Nililisikia mwenyewe kuwa ni zuri.

Kisha nikaiacha video iende. Mpira ukapita. Nikamfikia. Akaanguka.

Moody alitoa sauti ya kicheko kifupi. Hakukusudia ubaya. Alikuwa ameitazama video hiyo tangu utotoni, na pale ndipo walipokuwa wanacheka, yeye na kaka yake.

"Moody," Kraus aliita kutoka nyuma. "Yule namba kumi na saba unamjua?"

"Hapana, Kocha. Sijui aliishia wapi."

"Aliishia Iowa. Anafundisha wapokeaji."

Hakuna aliyegeuka. Walikuwa wanautazama ukuta, mahali ambapo watu wenye nguo nyeupe walikuwa wanaingia na machela. Halafu Ellis akageuka. Kisha mmoja mmoja. Moody ndiye wa mwisho, na uso wake ulikuwa wa mtoto wa miaka tisa.

"Kocha, mimi sikuwa..."

"Najua hukuwa," Kraus alisema. "Nendeni mkale."

Walitoka bila kusukumana, jambo ambalo sijawahi kuliona. Tukabaki wawili. Alikuja mbele, akazima mashine, akaegemea meza.

"Unajua nani alilitaja jina lako kwa Norm?"

"Hapana."

"Mimi. Alikuwa na orodha ya watu wanne, wewe hukuwemo. Nikamwambia amtafute Beasley, mjuzi wa mchezo, hana kazi. Marlys hakuongea nami siku tatu."

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Nina swali moja. Nilijua kwa simu utanipa lile jibu ulilowapa waandishi. Nikaona nikukalishe karibu, nikuzoee, unizoee, halafu nikuulize. Kila asubuhi nakuja nimedhamiria kuuliza, naishia kuzungumzia maziwa." Aliacha kuegemea meza. "Uliona kama mpira umeshapita?"

Jibu langu lilikuwepo, laini, tayari. Nilifungua mdomo kulitoa.

"Niliona," nikasema.

"Mapema kiasi gani?"

"Hatua mbili."

"Ungeweza kusimama."

"Ningeweza."

"Kwa nini hukusimama?"

Nilifikiri sana. Nilitaka angalau hili liwe la kweli lote. "Mechi ilikuwa inatuendea vibaya," nikasema. "Na wewe ndiye uliyekuwa mbele yangu."

Aliinamisha kichwa mara mbili tatu, kama mtu anayehakikishiwa anwani ya nyumba. Alichukua kikombe chake kwa mkono wa kushoto.

"Haya. Asante," akasema, akatoka.

Nilikaa pale mpaka mwenye kufagia akaja. Nilitegemea kitu kitakuja, machozi au hofu. Nilihisi njaa tu, nikaenda nikanunua soseji.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kraus hakunisalimia.

Jumamosi, 12 Oktoba

Tumeshinda. Ndani ya basi alikaa kiti cha mbele, mimi nyuma.

Jumatano, 16 Oktoba

Ananiambia mambo ya kazi peke yake. "Mrushaji wao anapenda kushoto." "Sawa." Mizaha amewaachia wengine. Nilidhani ni mtu mwepesi. Sasa naona kwamba wiki tisa alizokuwa anacheka nami alikuwa amebeba gunia, na kulitua hakujampumzisha.

Bwaloni nilimwona Moody amebeba sinia mbili za chakula, yake na ya Ellis. Walikaa pamoja. Sijui waliongea nini. Labda hawakuongea.

Jumamosi, 19 Oktoba

Tumeshindwa.

Jumamosi, 26 Oktoba

Tumeshindwa tena. Baridi ya kwanza ya kweli.

Jumanne, 29 Oktoba

Norm alituita ofisini, akavua filimbi shingoni na kuiweka mezani. Sijawahi kumwona bila filimbi.

"Msimu ukiisha naondoka," alisema. "Miguu imegoma, na mke wangu anataka kuiona Arizona kabla hajafa, maneno yake hayo. Chuo kimeshamchagua Wendell. Atapanga makocha wake mwenyewe. Kila mtu atajua hatima yake kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka."

Makocha wengine wawili walimpongeza Kraus. Nami nilimpa mkono. Aliushika, akauachia.

Nikajihesabu kuwa nimeshaondoka. Nilipofika chumbani nilitoa masanduku chini ya kitanda nikayafuta vumbi. Sina kwingine kwa kwenda. Nilituma maombi kumi na tisa ya kazi kabla ya hii, na hakuna aliyejibu; aliyenitafuta alikuwa Norm peke yake. Sasa najua hata yeye alinitafuta kwa sababu gani.

Jumapili, 3 Novemba

Jana tumeshinda. Leo Mama alipiga simu, akaniuliza kama nakula, nikamwambia yote. Tangu uwanja wa mvua hadi chumba cha wapokeaji.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba uliona mpira. Nilikuwa natazama kwenye televisheni na shangazi yako. Ulipohojiwa uliangalia viatu. Cortland, tangu una miaka minne ukidanganya unaangalia viatu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, mwanangu? Watu wa kanisani walikuwa wananipongeza." Alivuta pumzi. "Sikukutendea vyema. Na mtoto wa yule mama mwingine sikumtendea vyema."

Halafu akasema supu yake inaungua.

Jumamosi, 9 Novemba

Tumeshinda 17 kwa 14, ugenini, upepo wa kukata masikio.

Katika robo ya tatu mpokeaji wao alikatiza katikati, mpira ukampita. Moody alikuwa anamjia kwa mbio zake zote. Nilisahau kuvuta pumzi. Alisimama. Alisimama kwa shida, miguu ikaserereka kwenye nyasi, akampita pembeni akiwa amemshika kiunoni ili wasianguke. Yule kijana wala hakujua. Aliinuka, akarekebisha helmeti, akarudi kwa wenzake.

Hakuna aliyeshangilia, kwani hapakuwa na cha kushangilia. Kwenye karatasi yangu niliandika namba ya jezi ya Moody na neno moja: kasimama. Nilipoinua macho, Kraus alikuwa ananiangalia kutoka upande wa pili wa benchi. Akarudisha macho mchezoni.

Jumamosi, 16 Novemba

Mechi ya mwisho. Tumeshindwa 20 kwa 13. Sita tumeshinda, nne tumeshindwa. Norm alilia mbele ya vijana, vijana wakalia. Mimi nilikuwa naokota mipira.

Ijumaa, 22 Novemba

Wenzangu wawili wameitwa na Kraus. Mmoja anabaki, mmoja anaondoka. Mimi sijaitwa. Sanduku la kwanza limejaa.

Jumapili, 24 Novemba

Leo mchana ilikuwa karamu ya kufunga msimu, wazazi na vijana wote, ukumbi wa kanisa. Saa tano nilipita ofisini kuchukua majina ya kusoma. Nilidhani hapana mtu.

Kraus aliingia amevaa suti, shati wazi hadi tumboni, tai mkononi. Alipoona ni mimi alisimama mlangoni.

"Norm yuko wapi?"

"Ameshakwenda ukumbini."

"Marlys naye yuko huko anapanga meza." Aliitazama saa ya ukutani. "Viatu nimeweza. Hivi vifungo vidogo ndivyo vinanishinda. Vidole havinipi habari."

Nilisimama pale nilipokuwa.

"Basi njoo," alisema. "Au unataka niende nikawahutubie wazazi hivi?"

Nilikwenda. Nilianza kifungo cha chini. Alikuwa anaangalia juu ya kichwa changu, kwenye ratiba ya mechi iliyobandikwa ukutani. Hatujawahi kusimama karibu hivyo isipokuwa mara moja. Nilipofika kifuani aliinua kidevu, na nikaliona kovu ambalo kola huwa inalificha: mstari mweupe wa upasuaji, mrefu kama kidole changu cha kati, upande wa kulia wa koo.

"Nyumbani kwangu usije," alisema. "Marlys hataki, na mimi sitaki."

"Sawa."

"Sijakusamehe. Nilidhani nikishasikia ukweli nitakusamehe. Haikuwa hivyo."

"Naelewa."

"Huelewi, lakini endelea kufunga." Alimeza mate, kovu likapanda na kushuka. "Tarehe nne Agosti, saa kumi na mbili asubuhi, uwe uwanjani. Walinzi wa nyuma ni wako, kama mwaka huu."

Mikono yangu ilisimama.

"Kwa nini?"

"Moody alikuwa na hatua mbili. Akazitumia." Bado alikuwa anatazama ratiba. "Mimi siwezi kumfundisha mtu hilo. Sikuwahi kuwa upande huo." Saa ya ukutani iligonga. "Umesikia saa?"

"Saa kumi na mbili."

"Hapana, ya ukutani. Tumechelewa."

Kilikuwa kimebaki kifungo cha shingoni. Tundu lake dogo, kitambaa kipya, kigumu. Nilijaribu mara tatu, mgongo wa mkono wangu ukigusa kovu, la moto, na nikalihisi. Kraus alinisubiri, kidevu juu, hadi nilipomaliza.